Maji Yaliyokataa Kuwa Kahawia

Binti wa mdogo wangu alikuwa na madoa meusi kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia na viwili vya mkono wa kushoto. Nilivihesabu tena siku iliyofuata, nikapata vilevile. Wanawake wa soko walidhani ni hina iliyoharibika. Mmoja, aliyekuja kwangu kutafuta kitenge cha arusi, aliinama akaniuliza kwa kunong'ona kama huyu binti kaolewa kimyakimya. Nikamwambia ndiyo, kaolewa na chupa, na ukoo wa chupa bado haujaleta hata mbuzi.

Madoa yalikuwa ya fedha, ile ya pete na bangili. Binti alikuwa akisoma kemia katika chuo kimoja hapa Arua, na kazi yake ya shahada ilikuwa ya ajabu kidogo: unachukua fedha iliyoyeyushwa ndani ya maji, angavu kabisa, ukiitazama huoni kitu; unachemsha majani; unadondosha maji ya majani ndani ya yale maji ya fedha, tone kwa tone; halafu unangoja. Fedha inajikusanya yenyewe kuwa chembe ndogo mno, na maji yanageuka rangi. Chembe hizo zinaua vidudu vya kidonda, hata vile ambavyo vimezoea dawa za hospitali. Labda siku moja, baada ya kupimwa na kupimwa tena, mtu atazitia kwenye bandeji au kwenye mafuta ya kupaka.

Alinieleza hayo kibandani kwangu, ameketi juu ya marobota ya vitenge, mvua inapiga mabati. Miezi ile mvua ya Arua ilikuwa ikija mchana, baada tu ya chakula, na soko zima lilikuwa linasinzia. Wauza dagaa walifunika sinia zao, waendesha boda boda walijibana chini ya vibaraza, na mimi nilikuwa nasikia sauti ya binti kana kwamba inatoka chini ya maji.

"Mama mkubwa, chukua unywele mmoja."

"Wako au wangu? Wangu imebaki kidogo."

"Wangu. Sasa upasue unene wake mara elfu moja. Kipande kimoja ndiyo chembe."

"Nani anahesabu hizo chembe?"

"Iko mashine Kampala."

"Inahesabu mara mbili?"

Akacheka, akalala juu ya kitenge chenye picha ya bata dume ambacho sikukiuza wiki nzima ile kwa sababu kilikuwa kimeshika umbo la shavu lake. Mchana ule niliota fedha ikitembea juu ya ngozi ya mtu, ndogo kuliko vumbi, na kila chembe imevaa buti kama askari. Buti najua zimetoka wapi. Baba yetu alikuwa mwanajeshi, na nyumba yetu ya Koboko iliamka kwa kuitwa majina. Alituhesabu mlangoni, saba, akarudi kutoka mwisho kwenda mwanzo, saba, ndipo tulipopewa chai. Kiswahili changu kimetoka hapo, kwenye amri na hesabu. Wengine walikipata kwa nyimbo.

Majani aliyoyatumia binti ni yale machungu ambayo watu wa Kampala wanayaita mululuza, na sisi tunayapanda kuwa ua wa nyumba. Mwanzo aliyachuma mwenyewe kule Ombaci, nyuma ya misheni, na maji yakageuka kahawia kabla hajamaliza kuandika saa kwenye daftari. Alinionyesha picha kwenye simu: chupa tatu, ya kwanza manjano, ya pili asali, ya tatu kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Halafu ule ua ukakatwa na watu waliokuwa wanapanua njia. Mwalimu wake akataka ua mmoja unaojulikana mwenyewe, usiokatwa kesho. Binti akasema upo, wa mama yake, Koboko.

Hapo ndipo mimi nilipoingia katika sayansi. Kila wiki ya pili nilikuwa napeleka vitenge Koboko, kwa Wasudani Kusini wanaonunua kwa jumla na kuvuka navyo mpaka, na ninarudi gunia likiwa tupu. Nikasema majani nitaleta mimi. Na maji nitatafuta mimi, maana yale maji yasiyo na kitu ambayo binti alikuwa anayatumia yalikuwa yanatoka mbali, na mimi namjua fundi wa betri karibu na gereji ambaye anauza maji ya betri, yaliyopikwa mpaka mvuke ukawa maji tena. Nikabishana naye nusu saa. Aliniuzia madumu mawili kwa uso wa mtu anayezika ndugu.

Kwa hiyo wiki moja binti akabadilishiwa majani na maji, yote na mkono huuhuu.

Maji yakakataa. Nilikuwepo. Mlinzi wa lango la chuo alinizoea baada ya kumkatia kipande cha kitenge cha mke wake, nikaruhusiwa kukaa kwenye kiti kirefu kando ya dirisha nisiguse kitu. Chumba kilikuwa na harufu ya majani yaliyochemka, harufu chungu na tamu pamoja, na jua la baada ya mvua liliingia likalala juu ya vioo. Binti akadondosha. Mahali tone lilipoingia, pakatokea wingu jeupe. Akadondosha tena. Wingu likatanda, likashuka taratibu, mpaka chupa nzima ikawa kama maji ya kuoshea mchele. Nikasema imependeza. Binti aliinyanyua chupa kwenye mwanga. Aliiweka dirishani, na baada ya muda ule weupe ukageuka rangi ya zambarau iliyokufa, kama kucha ya mtu aliyebanwa na mlango.

Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Kati ya mara ya kwanza na ya pili aliosha chupa zake mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Alibadilisha karatasi za kuchujia. Alifunga nywele kwa vitambaa viwili. Akaacha kulala kwenye marobota yangu. Alikuwa anakuja, anakaa wima, anatazama mvua.

Unga wa fedha ulikuwa umebaki wa mara moja tu. Ulikuwa unaagizwa kutoka Kampala, na mwalimu alikuwa ameshasema: Jumatatu asubuhi nataka kuona chupa ya kahawia juu ya meza hii, la sivyo meza atapewa mwanafunzi mwingine anayengoja, na wewe utarudi nyumbani mpaka mwaka mwingine. Binti alijua mwaka mwingine maana yake nini. Dada zake wawili walirudi Koboko kungoja mwaka mwingine, na sasa mmoja ana watoto wanne na mwingine watatu, na wanangoja bado.

"Ni maji," aliniambia Ijumaa. "Majani ya mama haiwezi kuwa mbaya. Ile ua nimekua nayo. Ni maji ya fundi."

Mimi kitu kikinigusa hivi sikai. Niliacha kibanda na jirani, nikaenda gereji. Fundi alikuwa amejilaza kwenye kiti cha gari kisicho na gari, kofia usoni.

"Wewe, mwizi wa maji!"

Akainua kofia. "Hajati, salamu kwanza."

Wananiita Hajati, ingawa mbali kabisa niliyofika kwa safari zangu ni soko la Ariwara, ng'ambo ya Kongo.

"Umeniuzia maji ya mto."

"Maji ya mto? Mimi? Betri ya gari ya wakubwa yote Arua inakunywa maji yangu!"

"Basi wakubwa watembee kwa miguu. Mtoto wangu anapoteza masomo sababu yako."

Alisimama, akavaa viatu vyote viwili, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Twende. Mbele ya huyo mtoto. Mutu haiwezi kutukana maji yangu halafu nikae tu."

Akabeba dumu begani, nikamfuata. Tulipita chini ya mikaratusi mirefu ya barabarani, matone yanaanguka kutoka juu ingawa mvua ilikuwa imekwisha, yeye mbele na dumu lake kama mtu anayepeleka ushahidi mahakamani, mimi nyuma nikipanga matusi kwa mpangilio wa ukubwa. Langoni mlinzi akauliza huyu nani. Nikasema mshtakiwa.

Binti alikuwa ameinama juu ya meza. Gunia langu la majani, nililolileta Jumatano, lilikuwa tayari limefunguliwa na majani yamepimwa kwenye mizani. Chungu cha kioo kilikuwa juu ya jiko la umeme. Kando yake, katika kichupa kidogo chenye kizibo cheusi, ule unga wa mwisho ulikuwa umeshayeyushwa katika maji kidogo ya zamani yaliyobaki, angavu kama hakuna kitu. Alikuwa anajiandaa kujaribu, Jumatatu isimkute bado anafikiri.

Fundi akaweka dumu chini. "Dada, pima maji yangu. Pima sasa hivi, huyu mama yako aone."

Binti alitutazama sote wawili, akachoka kabla ya kuanza. Alimimina maji ya fundi kwenye kioo kidogo. Akachovya kijiti katika kile kichupa cha mwisho, akadondosha tone moja tu la fedha. Tukainama, vichwa vitatu. Tone likaingia, likapotea. Maji yakabaki maji.

"Tena," nikasema.

Akadondosha la pili. Hakuna kitu.

"Unaona, Hajati?" fundi akasema polepole, anaonja kila neno. "Maji yangu iko safi kuliko moyo yako."

"Basi ni nini?" binti akasema. "Fedha haina maadui mengi. Iko chumvi. Chumvi kidogo tu, hata jasho ya kidole, inakuwa nyeupe hivyo. Lakini mimi navaa glavu. Nani ataleta chumvi hapa?"

Nilisikia jiko likinguruma. Nilisikia tone likianguka kutoka kwenye bomba, na lingine.

Sasa nieleze. Kwetu mtu hapeleki mboga kwa nyumba ya mwingine na vumbi lake. Hata kama ni ya kumpa jirani, unaiosha. Na majani machungu yana namna yake: maji ya kwanza ya kutoa udongo, ya pili na chumvi, unayaacha humo kivuli kikisogea kutoka mlangoni mpaka kwenye kisima, ili wadudu waachie na uchungu upungue, ya tatu ya kusuuza. Mama alitufundisha hivyo na mama yake alimfundisha yeye. Kila gunia nililomletea binti lilikuwa limepita maji matatu, kwenye beseni, nyuma ya nyumba ya mdogo wangu, kwa mikono yangu. Yeye alikuwa anayasuuza tena mara moja na maji ya fundi, lakini chumvi ilikuwa imeshaingia ndani ya jani, imekaa, imekunja miguu. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema, kwa sababu nani husema kwamba ameosha mboga? Ni kama kusema nimekuja nimevaa nguo.

Mfanyabiashara hakubali kosa kabla bei haijakaa sawa. Na fundi alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni. Binti akawasha jiko zaidi, akachukua bakuli la majani.

"Ngoja," nikasema. "Kama mtu, sisemi nani, ameweka chumvi kidogo kwenye majani..."

Akageuka. "Kidogo kiasi gani?"

"Kijiko."

"Kimoja?"

"Viwili. Vya kujaa."

"Kila mara?"

"Kila mara. Nilihesabu."

Binti aliweka bakuli chini kwa uangalifu mkubwa, kama limejaa mayai, akazima jiko. Akakifunga kile kichupa cha mwisho, akakizungushia karatasi nyeusi, akakitia kabatini. Halafu akakaa kwenye kiti changu kirefu, akaniangalia. Sikuwahi kuona macho ya mdogo wangu usoni mwake mpaka siku ile.

"Vidole vyangu, mama mkubwa," alisema tu, akaninyooshea. Vilikuwa vimepasuka mpaka kwenye kiungo.

Fundi akachukua dumu lake. Nilingoja atukane, alikuwa na haki, na nilikuwa nimemwandalia nafasi. Akasema, "Hajati, kesho mnaenda Koboko kuchuma mpya? Iko lori ya muhogo, dereva ni shemeji yangu. Inaondoka saa kumi na mbili." Akatoka bila kuaga. Ningependa angetukana.

Jumamosi tulikwenda, mimi na binti, mbele pamoja na dereva. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba na barabara ilikuwa inachomoza kipande kwa kipande, kana kwamba mtu anaitengeneza mbele yetu. Vilima vilielea. Kulikuwa na mtu kwenye baiskeli aliyebeba godoro, akatokea, akafifia. Tulipokaribia Koboko binti akasema, "Mimi ningekuuliza. Mwalimu anasema kila siku, uliza majani imepita mikono gani."

"Na mimi ningesema."

"Basi tumegawana kosa."

Nilikubali bei hiyo haraka. Ilikuwa nafuu kuliko niliyostahili.

Mdogo wangu alitupokea uani. Mguu wake wa kushoto una kovu kwenye ugoko, pana kama kiganja, la kidonda kilichokaa wazi miezi minane na kula kila dawa ya zahanati. Kilikuja kupona chenyewe, kwa ukaidi. Binti alikuwa bado shule ya sekondari wakati ule, na ndiye aliyekuwa akikiosha. Sidhani alichagua kemia. Nadhani alikuwa anaendelea na kazi.

Tulichuma asubuhi nzima. Binti alivaa glavu, akanivalisha na mimi, nikawa natazama mikono yangu myeupe ikiingia kwenye ua wa mdogo wangu kama mikono ya mtu ambaye bado hajazaliwa. Majani yalikuwa na umande. Jogoo mmoja alikuwa akiwika mbali sana, upande wa Kongo. Mdogo wangu akaja na beseni.

"Leteni nioshe."

"Hapana," tukasema pamoja.

"Hapana nini? Mtatoka kwangu na majani ya vumbi? Barabara yote itaona!"

"Iko ndani ya mfuko, hakuna anaona," nikasema.

"Mungu anaona. Na mama yetu kaburini anaona. Wewe mkubwa mzima, unabeba mboga chafu kama mutu hana nyumba!"

"Mama," binti akasema, "chumvi inaua fedha."

"Chumvi inaua wadudu! Fedha iko na shida gani na chumvi?" Akamgeukia binti, akapunguza sauti. "Na hiyo dawa yako, ikiwa tayari, utaniletea kidogo nipake hapa? Usiku inawasha."

"Bado si dawa, mama. Haijapimwa kwa mtu."

"Nipime mimi."

"Hapana."

"Robo kijiko."

"Mama, hapana."

Nilijua sasa binti hajanirithi mimi. Mimi ningefika kwenye matone mawili. Mdogo wangu akaondoka na beseni lake, akalimwaga kwenye mizizi ya ua, kwa hasira, na tukasimama kati yake na mfuko mpaka lori likapiga honi.

Jumapili chuo kilikuwa kimya. Mtu mmoja alikuwa anafagia mahali, simuoni, nasikia tu ufagio. Binti aliosha majani kwa maji ya fundi, mara tatu, bila kitu. Akachemsha. Akachuja, maji ya majani yakatoka na rangi ya nyasi za kiangazi. Akatoa kichupa kabatini, akakivua karatasi, akakimimina chote kwenye kioo, hata tone la mwisho, akakigonga na kidole. Sasa hakukuwa na kingine.

Alipodondosha tone la kwanza niliangalia pembeni. Niliangalia dirishani, kwenye mti wa mchikichi uliokuwa unayumba bila upepo, au mimi ndiye niliyeyumba. Nilisikia tone la pili, la tatu. Nikageuka.

Hapakuwa na wingu. Maji yalikuwa angavu, na ndani ya uangavu ule kulikuwa na kitu kama wazo la manjano, hafifu mno. Ukilitazama moja kwa moja linakimbia, ukitazama kando linarudi. Binti alikuwa ameshika ukingo wa meza. Manjano ikakaa. Ikanenepa, ikawa kama mafuta ya ufuta. Ikazama ndani yake yenyewe na kuwa asali. Na jua lilipotoka nyuma ya wingu la nje na kupita kwenye kioo, ukutani kukatokea doa jekundu la joto, linatetemeka, kana kwamba mle ndani mna moyo wa mnyama mdogo. Kisha kahawia. Kahawia ya chai, ya ngozi, ya udongo wa njia ya Koboko baada ya mvua. Hakuna kilichoshuka chini. Fedha yote ilikuwa imesimama ndani ya maji, mabilioni ya chembe, na hakuna hata moja ungeweza kuinyooshea kidole.

Binti aliandika saa kwenye daftari. Aliandika rangi. Akaweka kalamu sawasawa na ukingo wa daftari.

"Mama mkubwa, toka nje kidogo."

"Kwa nini?"

"Nataka kulia. Si mbele yako."

Nikatoka, nikafunga mlango, nikakaa kwenye ngazi. Alianza polepole, halafu akalia vizuri, kwa sauti ya watu wa Koboko, ile inayofika kwa majirani. Mlinzi akaja mbio kutoka langoni, kofia mkononi, ameshaweka uso wa msiba.

"Hajati, nani amekufa?"

"Hakuna. Maji imegeuka rangi."

Akafikiri. Akatazama mlango, akanitazama mimi.

"Basi pole," akasema, akaketi kando yangu kunisaidia kungoja.